Nyumba Isiyoingiwa na Chuma

Shemeji yangu alifunga suruali kwa kamba ya katani mpaka uzeeni, na haikuwa kwa umaskini. Mshahara wake ulikuwa wa serikali na ulifika kwa wakati, tofauti na wangu, ambao ulitegemea kama nimeamka. Mjini walimwita Kamba. Jina hilo nilimtungia mimi. Majina yote ya utani yaliyodumu katika mji wetu yametoka kinywani mwangu, na asiyeamini akamuulize yule seremala tunayemwita Kesho.

Kamba alikuwa mlinzi wa sindano. Msicheke, wanangu. Nitawaeleza, kwani katika ukoo huu nani mwingine ataeleza? Shule niliiacha mapema, tukaachana kwa amani, lakini jambo hili nimeelezwa na wahandisi wawili kwa nyakati tofauti, na wote wawili niliwakosoa.

Juu kabisa, kupita mawingu, kupita hata zinakopita ndege, kuna tabaka la hewa ambalo jua limelikaanga mpaka likashika umeme. Wenyewe wanaliita ionosfea. Sasa dunia ina mstari wake wa kiunoni, na si huo wa ramani tu. Upo na mwingine wa sumaku, na sisi tunaishi chini yake barabara. Jua likifika utosini, juu ya mstari huo hupita mto wa umeme, unatoka magharibi kwenda mashariki. Huuoni, huusikii, haukuloweshi. Lakini sumaku iliyoning'inizwa kwa uzi mwembamba huusikia, ikageuka kidogo, chini ya upana wa unywele. Serikali ilijenga kituo juu ya kilima nje ya mji ili kuusikiliza mto huo, ikamweka shemeji yangu pale na nyumba ya kuishi ndani ya ua uleule.

Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mbao kilichopigwa misumari ya shaba mitupu. Ndani yake ilikaa hiyo sumaku, sisi tukiiita sindano, na kalamu iliyochora mwendo wake kwenye karatasi inayozunguka taratibu mchana kutwa, usiku kucha. Upande wa pili wa kilima palikuwa na mlingoti wa kurusha mlio angani na kusikiliza mwangwi wake, lakini ulikuwa umeharibika, na vipuri vilikuwa njiani. Vilikuwa njiani mpaka waliovituma wakastaafu.

Adui wa kazi hiyo ni chuma. Baiskeli ikipita karibu, sindano inageuka na kalamu inachora uongo. Kwa hiyo nyumba iliezekwa vigae, kitanda kilikuwa cha mbao, na suruali ya mwenye nyumba haikuwa na mkanda wenye kifungo cha chuma. Na kulikuwa na kanuni. Chuma kikiingia, inua kalamu, kitafute, kitoe, ndipo uishushe tena. Kamba aliipenda kanuni hiyo kuliko wengine wanavyopenda usingizi. Alikuwa akiniambia, "Shemeji, heri karatasi tupu kuliko mstari wa uongo." Mimi, ambaye uongo umenilea na kunisomeshea watoto, nilikuwa namuitikia tu.

Mtu kama huyo ndiye aliyemwoa dada yangu, na dada yangu alikuwa fundi cherehani. Tena si fundi wa viraka. Mwanamke aliyevaa gauni lake alitembea polepole ili aonekane.

Siku tuliyompeleka kwa mumewe, mkokoteni ulibeba vitu vyake vyote, na juu yake cherehani ya miguu, nzito, chuma kuanzia kichwani hadi kanyagio. Kamba akatusimamisha kwenye geti lake la mbao.

"Hiyo haiingii," akasema.

"Ni cherehani," dada akamjibu. "Si simba."

"Simba angeingia. Hana chuma."

Wote tulicheka isipokuwa bibi harusi. Alimtazama mumewe kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, irudishe kwako. Nitakuwa nakuja kushona asubuhi."

Na alikuja. Binti yao akazaliwa, akakua, akaolewa mji wa mbali, na muda wote huo dada alikuwa akishuka kilima asubuhi kuja kibarazani kwangu, na jioni anakipanda kurudi. Sheria ya chuma aliishika kuliko hata mlinzi mwenyewe. Pini za nywele alizivua getini akaziacha kwenye kikapu. Mkasi haukuvuka. Mara moja nilikwenda kuwatembelea nikiwa na funguo mfukoni, na dada ndiye aliyenipekua, anacheka, ananisukuma nje ya geti. "Toa ulichonacho, bwana. Mume wangu ana sindano moja tu."

Halafu magoti yakamgeuka. Daktari alisema gegedu limelika. Kushuka kilima aliweza kwa kulalamika. Kupanda, hata kulalamika hakukusaidia. Ikafika hatua akawa anakuja kwangu siku chache, kisha siku moja moja, kisha wateja wakaanza kuuliza kama amesafiri.

Jumapili moja nilikuwa nimeketi nao mlangoni kwao, nikinywa chai yao, ndipo dada akalitoa neno.

"Ile stoo ya kuni," akamwambia mumewe. "Iko kule pembeni, mbali na kibanda. Cherehani ingekaa mle."

"Si mbali vya kutosha."

"Umepima?"

"Nimepima," Kamba akasema. "Nilipima ulipoanza tu kuchechemea. Nilikwenda stoo na kipande cha reli, nikarudi kuangalia karatasi. Nilitamani ifae. Haifai."

Dada akalisugua goti. Kisha akajitia kucheka. "Basi nitaileta kwa siri. Leo mguu, kesho gurudumu, kesho kutwa kichwa. Utashtuka ipo mle inashona."

Kamba naye alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ni utani wa daraja la kwangu, na nilimwambia hivyo. Hakuna aliyejua kwamba maneno hayo yangekaa kichwani mwa yule mtu kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama.

Wiki hiyohiyo jua lilikohoa. Ndivyo ninavyoeleza mimi. Wahandisi wana maneno marefu zaidi lakini maana ni ile. Jua hutema moto wake, ukasafiri siku mbili tatu, ukaigonga dunia, na sumaku ya dunia nzima ikatikisika. Hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku. Kwa macho huoni kitu. Siku yenyewe ilikuwa nyeupe, kavu, watu wanaanika nguo.

Dhoruba Kamba alizijua. Zilizoea kumjia kama mgeni mwenye adabu: hodi moja, mstari unaruka juu, kisha unateremka polepole kama mzee anayekaa kitini, na kuinuka tena huchukua siku nyingi. Hii haikuwa na adabu hiyo. Ilifika jua likiwa utosini, saa ambayo ule mto wa juu umejaa pomoni, na mstari ukaanza kupanda na kushuka haraka haraka, meno ya msumeno. Yeye mwenyewe aliniambia ulivyoonekana kwake. "Shemeji, ilikuwa kama mtu anasukuma kitu kizito huku na huku, nyuma ya ukuta."

Bado palikuwa na njia ya kujua. Kila adhuhuri alizungumza na makao makuu kwa redio iliyofungwa kule upande wa mlingoti, maana simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Angewauliza tu: na huko mnaona? Lakini redio ile ilitupa sauti juu, ikadunda kwenye ionosfea kama mpira kwenye dari na kuangukia mji mwingine, na siku hiyo dari lenyewe lilikuwa linachemka. Alipoifungua alisikia mvumo kama wa mafuta ya kukaangia. Aliita, akaita. Hakuna mtu. Sindano imepagawa, redio imekufa, vyote kwa mpigo. Mimi niliyeacha shule ningetazama juu. Lakini betri yake ilikuwa mbovu na imeshazoea kulaumiwa. Akailaumu. Akainua kalamu kama kanuni inavyosema, akatoka kutafuta chuma.

Yaliyofuata alinisimulia yeye, na dada naye akanisimulia kwa wakati wake, na kinachonisumbua ni kwamba masimulizi yao hayakutofautiana. Nimesuluhisha ndoa nyingi mjini, sijawahi kukutana na kesi ya namna hiyo.

Dada alikuwa ameketi mlangoni na ungo, anachambua mchele.

"Kiko wapi?" Kamba akamuuliza.

"Kiko wapi nini?"

"Umeanza na kipi, mguu au gurudumu?"

Dada alidhani utani umeendelea. "Nimeanza na kichwa. Chako. Ndiyo maana hakipo."

Kamba akampita. Akaenda stoo akatoa kuni zote nje, moja moja. Akaingia chumbani akafungua sanduku la nguo la mkewe, akakunjua kila kilichokunjwa. Akainua godoro. Akachungulia pipa la maji. Dada alikaa palepale akisikia vitu vyake vikianguka ndani, na mikono yake, alisema, iliendelea kuchambua mchele kwa sababu haikuwa na kazi nyingine.

Alipokosa kitu, Kamba alirudi kibandani na kuishusha kalamu kidogo tu, apime. Safari hii mstari ulikuwa umezama upande wa pili, chini kuliko alivyowahi kuuona. Mhandisi alikuja kutueleza baadaye kwamba dhoruba ikiendelea, mto ule wa angani huweza kugeuka ukarudi ulikotoka. Kwa Kamba ilimaanisha jambo moja. Chuma kimehamishwa. Yupo mtu anayekihamisha huku yeye anatafuta, na ndani ya ua walikuwamo watu wawili.

Akatoka tena.

"Simama," akamwambia mkewe.

"Magoti yangu unayajua."

"Simama nikupekue."

Dada akashika ukuta, akasimama. Ungo ukaanguka, mchele ukamwagika kwenye vumbi. Kamba akampapasa kiunoni, akapita kwenye mikunjo ya nguo, akafungua fundo la kanga, akamwambia avue viatu akavikung'uta. Alichopata ni kipande cha chaki ya kuchorea vitambaa.

"Umemaliza?"

"Sindano bado inatikisika," akasema. "Kitu kipo."

"Basi kitakuwa ni mimi," dada akasema. "Ngoja nitoke, utaona inatulia."

Akavaa viatu, akapita getini, akateremka kilima kwa jua lile, anashika mti mmoja mpaka mwingine. Kamba hakumfuata. Alibaki akizunguka ua, anainua mawe.

Na hapa ndipo ninapoona kwamba mbingu zina ukatili wake, au hazina habari na sisi, chagueni wenyewe. Jioni jua lilipozama, ule mto wa juu ukakauka, kama unavyokauka kila siku jua likizama. Kamba akashusha kalamu. Mstari ulikuwa chini kuliko kawaida, lakini umetulia. Mke ametoka, sindano imetulia. Mtu aliyezoea kuamini karatasi, umpe karatasi gani nyingine?

Dada alinikuta kibarazani. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vikabidi tuvikate pembeni. Nikamwambia, "Leo umekuja umechelewa, bosi, nitakukata mshahara." Ndivyo nilivyomzoea, na utani wangu kwa kawaida hufungua mlango wowote.

"Mdogo wangu," akasema, "nisogezee kiti."

Nikamsogezea. Akaweka miguu kwenye kanyagio bila uzi, bila kitambaa, akaanza kukanyaga. Cherehani ikawa inakimbia tupu. Nilikaa naye nikitafuta neno la kuchekesha, na mimi nina maneno mengi, mji mzima ni shahidi. Sikulipata.

Siku kadhaa zikapita, Kamba hajaonekana. Nilitaka kumpandia huko nikamfundishe adabu, dada akanikataza. "Mwache. Anadhani amekamata mwizi." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya uzi.

Kumbe siku hizo redio ilikuwa bado inachemka. Dari lilipopoa, sauti ya makao makuu ikaingia safi, na mhandisi, kijana mpole, akamwita Kamba kwa furaha. Alisema dhoruba kubwa imepita, hajawahi kuona ya namna hiyo. Kwingineko walishindwa kuongea kwa redio, meli zilipotezana, na kila kituo duniani kimepeleka mstari wake. Ila vituo vilivyoko chini ya ule mto wa umeme ni vichache mno, na cha Kamba ndicho kilichokuwa kwenye adhuhuri ilipogonga.

"Mzee, tupe mchana ule," akasema. "Tunausubiri kama mvua."

"Niliinua kalamu," Kamba akamjibu.

"Uliinua kwa nini?"

"Niliona chuma."

Mhandisi hakumgombeza. Alimuuliza tu, taratibu, "Na ulikipata?"

Kamba alikuja kwangu mchana huohuo. Hakuwa amenyoa. Alipofika alisimama nje ya kibaraza kama mtu aliyeletwa na polisi, na mimi nikamwambia, "Karibu, shemeji, huku chuma ruksa." Dada aliacha kushona, akaweka mikono mapajani.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilijua ninachotaka: aombe radhi, dada alie kidogo, mimi nichinje kuku, tuwarudishe kilimani kwa mkokoteni. Nimefanya hivyo kwa watu waliotupiana sufuria.

Kamba alieleza yote. Jua, mto wa juu, redio, makao makuu. Alieleza vizuri, polepole, na mwisho akasema, "Hapakuwa na chuma. Hukuleta kitu. Nimekukosea, mama."

"Nimesikia," dada akasema. Kisha akauliza, "Kwa hiyo jua ndilo lililonitolea ushahidi?"

"Jua, ndiyo."

"Na hawa wengine wa mbali, na vituo vyao."

"Ndiyo. Wote waliona."

"Na kama wasingeona?" dada akamuuliza. "Tuseme ingetokea pale kwetu tu, na redio haikupona. Nikakwambia mimi, kwa mdomo wangu, sikuleta chuma. Ungeniamini?"

Wanangu, hapo ndipo mwanamume huzaliwa. Swali kama hilo lina jibu moja, na kila aliyewahi kuoa analijua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya dada. Nikamkonyeza shemeji, nikatikisa kichwa juu na chini mpaka shingo ikauma. Sema ndiyo. Ndiyo moja tu, ndogo, ya uongo, nyumba isimame.

Kamba alifikiri. Nilimwona anafikiri, yule bwana, anapima kwa uaminifu kama alivyopima stoo.

"Sijui," akasema.

Dada akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea chenji yake sawasawa. Hakulia. Alichukua gauni alilokuwa akilishona, akatafuta mahali alipoishia.

"Umesema kweli," akamwambia. "Nenda kwenye kazi yako."

Nilimfuata Kamba njiani nikamtukana matusi yote niliyonayo, na mengine niliyatunga palepale. "Shida gani kusema ndiyo?" nikamuuliza. Alisimama, akanitazama kwa macho mekundu. "Ingekuwa mstari wa uongo, shemeji," akasema, na hapo nikaelewa kwamba simwezi mtu huyu, hakuna anayemweza, na kwamba dada yangu aliishi naye miaka yote akilijua hilo.

Mwaka uliofuata makao makuu walileta chombo kinachojiandikia chenyewe, hakihitaji mlinzi. Hawakusema ni kwa sababu ya ule mchana. Hawakusema pia kwamba si hivyo. Kamba aliruhusiwa kubaki kwenye ile nyumba kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Binti yao alikuja, akalia kilimani, akalia kwangu, akajaribu kubeba maneno ya huku kuyapeleka kule, na pande zote mbili alijibiwa kwa upole mtupu, mpaka akachoka akarudi kwa mumewe. Ningependelea matusi. Matusi nayaweza, yana mlango.

Dada bado yuko kwangu. Magoti hayakupona. Kamba hushuka mara moja moja, hasa chombo kile kikiwa hakina la kumwambia, akakaa kibarazani. Dada humpa kiti kizuri, humtengea chai, humuuliza habari za huko juu, naye humjibu kwamba mstari ni mzuri, umetulia. Huongea mambo ya binti, ya mvua, ya bei ya mkaa. Mimi huwachekesha, na hucheka wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Akimaliza chai huaga, na dada humwambia ahsante kwa kuja, karibu tena, kama anavyowaambia wateja.